Unauza mafuta ya mchaichai? Soma hii kabla hujaposti



Kuna maneno yanayouza sana mtandaoni: "Mafuta ya mchaichai, asilia 100%, yanakinga malaria." Oda zinakuja, sikatai. Lakini kama wateja wako wapo Ifakara, Mang'ula, Mlimba au popote bonde la Kilombero, maneno hayo yanaweza kumuumiza mtu.

Kwanza ijue bidhaa yako. Harufu ya mchaichai inatokana hasa na kemikali iitwayo sitrali. Ni nyepesi na hupaa haraka, ndiyo maana ukifungua chupa tu chumba kizima kinanukia. Mbu humtafuta mtu kwa harufu ya pumzi na ngozi, na harufu ya mchaichai humvuruga. Kwa hiyo kufukuza mbu ni kweli yanafukuza. Ila kinachopaa haraka huisha haraka. Ukipaka saa mbili usiku, kufika saa sita kazi imeshakwisha.

Sasa mjue mbu wa hapa. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya malaria bondeni inaenezwa na Anopheles funestus. Huyu hupenda kuingia ndani na kuuma usiku wa manane mpaka alfajiri. Anafika mafuta yako yameshaaga. Mama akiamini posti yako akaacha kushusha neti, atakayelipa ni mtoto.

Kumbuka biashara iliyofanyika hapa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa KINET uliuza neti na dawa ya kuzitia, Kilombero na Ulanga, kupitia wenye maduka na mawakala wa vijijini. Jina la bidhaa lilikuwa Zuia Mbu. Halikusema "Tibu Malaria". Liliahidi kile tu ambacho neti inafanya, na watu walinunua. Utafiti uliochapishwa 2001 ulihusisha neti hizo zenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wadogo.

Basi fanya hivi:

1. Andika: "Husaidia kufukuza mbu kwa muda mfupi. Paka tena harufu ikiisha. Usiku lala kwenye neti."

2. Usiuze mafuta makali ya kupaka moja kwa moja. Yachanganye kwanza na mafuta ya nazi. Mteja ajaribu kwanza kidogo mkononi. Watoto wachanga wasipakwe.

3. Tumia chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, mbali na jua. Mwanga na joto huyaharibu mafuta, yakaanza kuwasha ngozi.

4. Andika kwa herufi kubwa: SI YA KUNYWA. Mafuta ya mkaratusi, hata kidogo, yakimezwa na mtoto yanaweza kumletea degedege.

5. Ukisema "yanatibu", umeshaingia kwenye dawa. Tiba asili ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, vipodozi vipo chini ya TBS. Uliza kabla hujachapisha lebo.

Mteja akipata kile ulichomwahidi, anarudi, tena anakuja na jirani yake.

Posti yako ya leo inasemaje? Iweke hapo chini tuirekebishe pamoja.