Msumari Katika Tumbo la Ng'ombe

Ndugu mfugaji, ng'ombe hachagui chakula kama mbuzi. Huzoa majani kwa ulimi na kuyameza upesi. Kukiwa na msumari au kipande cha waya ndani ya majani, humeza pia.

Chuma hukaa katika tumbo la pili. Tumbo hilo kwa ndani ni kama sega la nyuki, nalo liko karibu na moyo. Linapojikaza, chuma chenye ncha hulitoboa. Kikiendelea mbele, huchoma moyo.

Mwenzetu mmoja kijijini aliondoa paa la nyasi akaezeka bati. Hakuokota misumari wala waya. Baada ya wiki chache ng'ombe wake wa maziwa aliacha kula ghafla. Maziwa yakapungua sana kwa siku moja tu. Ng'ombe alisimama amepinda mgongo. Alipolala au kuteremka mlima aliguna. Mwenyewe alidhani amevimbiwa, akamnywesha dawa ya miti kwa siku kumi. Aliponiita, kidari kilikuwa kimevimba na mshipa wa shingo umetuna. Ng'ombe akafa. Tulipompasua tulikuta waya umeingia moyoni.

Ng'ombe wake wa pili alipoonyesha dalili zile zile, alikuja kuniita usiku ule ule. Asubuhi tukamleta daktari wa mifugo. Ng'ombe alifanyiwa upasuaji akiwa amesimama. Daktari alinyoa ubavu wa kushoto, akausafisha, akapiga sindano ya ganzi. Alipasua ubavu, akafungua tumbo kubwa, akapitisha mkono mpaka tumbo la pili. Akatoa msumari wa bati. Kisha akashona tumbo na ngozi, akampa ng'ombe dawa ya kuzuia usaha. Maziwa hayakunywewa mpaka siku alizotaja daktari zilipokwisha. Leo ng'ombe huyo anakamuliwa.

Basi, tukumbuke haya:

1. Ukijenga au kutengeneza ua, okota misumari na waya zote.

2. Kagua majani kabla ya kuyatia horini.

3. Muulize daktari juu ya sumaku. Ng'ombe huimeza, nayo hukaa tumboni ikishika vyuma.

4. Ukiona dalili, ita daktari siku hiyo hiyo. Usijaribu kupasua mwenyewe.

Chuma kikiwa bado tumboni, kisu cha daktari huweza kumwokoa ng'ombe. Kikishafika moyoni, mara nyingi hakuna dawa.