Kisukari cha watoto: tujue sukari usiku na mchana

Wengi wetu hudhani kisukari ni ugonjwa wa wazee na wa watu wanene. Sivyo. Iko aina ya kwanza ya kisukari, ambayo huwapata hasa watoto na vijana, hata wale wembamba wanaolima na kula ugali wa muhogo na maharage kama wenzao. Katika aina hii kongosho huacha kutengeneza insulini, ambayo kazi yake ni kuingiza sukari ya damu katika chembe za mwili. Mtoto hakuambukizwa, hakurogwa, wala hakuugua kwa sababu ya kula peremende.

Dalili zake

Mtoto hunywa maji mno, hukojoa mara kwa mara hata kitandani, hula lakini hukonda, na huchoka. Asipotibiwa hutapika, huhema kwa nguvu na kuzimia. Wengine hudhani ni malaria tu. Mtoto wa namna hii apimwe malaria na sukari pia, siku ileile.

Dawa yake ni sindano za insulini, kila siku, maisha yote. Mtu wa kwanza kuchomwa dawa hiyo alikuwa kijana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo watoto wenye ugonjwa huu walikufa. Lakini insulini ikipungua, sukari hupanda. Ikizidi, sukari hushuka, na ikishuka mno huweza kuua. Usiku ndio unaotisha zaidi. Mtoto aliyeshinda shambani akilima anaweza kushukiwa na sukari saa nyingi baadaye, akiwa usingizini, asiweze kumwita mama.

Chombo cha kupima mfululizo

Kutoboa kidole huonyesha sukari ya wakati ule tu. Siku hizi kipo chombo kinachopima mchana na usiku. Kidude kidogo hubandikwa kwenye mkono, juu ya kiwiko, au tumboni, na kijiuzi chake chembamba hukaa chini ya ngozi. Kila baada ya dakika chache hupima sukari iliyo katika majimaji ya hapo na kupeleka hesabu kwenye simu au kipokeaji chake. Mshale huonyesha kama sukari inapanda au inashuka, na vyombo vingi hulia ikishuka mno, mzazi akaamka.

Hata hivyo chombo hiki hakiponyi, na sindano huendelea. Hesabu yake huchelewa kidogo nyuma ya damu. Mtoto akitetemeka huku chombo kikisema ni mzima, toboa kidole. Kidude hubadilishwa kila baada ya siku 10 hadi 15 hivi, na bei yake bado ni mzigo kwa familia nyingi. Lakini si chombo cha watu wa mjini tu. Huko Neno, wilaya ya vijijini nchini Malawi, wagonjwa wa hospitali mbili walikitumia kwa miezi mitatu katika utafiti, na ikaonekana kwamba kinaweza kutumika vijijini.

Tufanye nini Kumsenga?

1. Wakati chombo hicho hakijatufikia, tupime kwa kidole kabla ya kula na kabla ya kulala. Tuandike hesabu na saa katika daftari, tulipeleke kliniki. Kwa daftari hilo mganga hupanga kiasi cha insulini.

2. Sukari ikiwa chini ya 4, au mtoto akitetemeka, akitoka jasho au akichanganyikiwa, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

3. Insulini isikatishwe hata mtoto akiwa na homa na hali chakula. Tuulize kliniki kiasi cha kumpa.

4. Mwalimu wake na majirani wafundishwe dalili hizi.

Vijikaratasi vya kupimia vikiisha, familia haijui tena mtoto amelala na sukari kiasi gani. Basi jumuiya ndogondogo yenye mtoto kama huyo iwaulize wazazi wake: vimebaki vingapi?