Kuuza Kazi ya Mikono kwa Njia ya Simu

Wengi wa wanafunzi wa shule hii wametoka katika nyumba ambamo mtu mmoja, pengine mama, pengine babu, hufanya kazi ya mikono ya kuuza. Na wengi wa wale waliokwisha maliza masomo wamekuwa wakiuliza neno moja: je, kazi hiyo yaweza kumlisha mtu siku hizi, hasa sasa ambapo vijana wengi wa Arua na Koboko wana simu mfukoni yenye kupiga picha na kuipeleka Ulaya kwa dakika moja? Bwana Mhariri amenipa kurasa chache za kujibu. Jibu langu ni kwamba yaweza. Lakini simu haimsaidii yule aliyeifanya kazi; humsaidia yule ambaye namba yake imeandikwa chini ya picha. Karibu yote nitakayosema yatoka katika neno hilo.

Kwanza tutazame tuna nini cha kuuza. Wanubi wa miji yetu husuka tabaga, yaani sinia na vifuniko vya chakula vyenye rangi kali, kazi ambayo macho ya mgeni huiona kabla ya kuambiwa. Waalur na Walugbara hutengeneza adungu, kinubi cha mti kilichowambwa ngozi, chenye nyuzi saba, nane, hata kumi. (Kinubi hiki ni chombo cha ngoma, kisichanganywe na lugha ya Wanubi.) Wako wafinyanzi wa vyungu na wachonga vigoda. Tena tangu vita vya Sudan Kusini tumepata majirani wengi katika makambi ya Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi, hii ya mwisho ikiwa ilifunguliwa Yumbe mwezi wa Agosti 2016. Wanawake wa huko walikuja na ufundi wa milaya, shuka zilizotariziwa maua na ndege kwa nyuzi za rangi na kufumwa pindo pande zote. Mlaya mmoja waweza kumchukua mwanamke majuma kadhaa.

Sasa tazama vitu hivi vinavyouzwa. Mama husuka tabaga nyumbani, akaipeleka sokoni, akamwuzia mchuuzi. Mchuuzi huipiga picha, akaitia katika WhatsApp au TikTok pamoja na namba yake. Mtu wa Kampala huiona, hupiga simu, hulipa. Mimi sisemi kwamba mchuuzi ni mwizi. Yeye hulipa nauli, hulipa ushuru wa soko, hukaa na mali miezi miwili bila kupata mnunuzi. Ila yeye ndiye ajuaye nani hununua, kwa arusi gani, na rangi ipi humaliza haraka, na mama hajui lolote katika hayo. Mwakani mchuuzi akimwambia, "Mama, nyekundu haitakiwi tena, nitakupa nusu ya bei," hana la kufanya ila kukubali.

Mambo haya si mageni Afrika Mashariki, wala hayakuletwa na intaneti. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa kusini ya Tanganyika mwaka 1932. Karibu na mwaka 1968 alianza kupaka picha za wanyama juu ya mbao ngumu za karatasi kwa rangi za kupakia baiskeli, na picha hizo zikauzwa Oyster Bay, Dar es Salaam, nje ya duka la Morogoro Stores, ambako Wazungu walikuja kununua chakula. Alikufa mwaka 1972, akipigwa risasi na polisi waliomdhani mtu mwingine. Miaka yake ya kazi ilikuwa michache mno, lakini alikuwa na desturi ya kutia jina lake katika picha. Leo jina hilo lajulikana mpaka Japani. Wanafunzi wake na jamaa zake waliendelea pale pale, na mwaka 1990 wakafanya chama cha ushirika ili wauze kwa sauti moja. Hata hivyo faida kubwa ya picha zile za kwanza imekwenda kwa waliozinunua kwa bei ndogo wakaziuza tena ng'ambo. Na jina likisha kuwa na thamani, wako wanaoliiga. Ndiyo sababu fundi hawezi kutosheka na jina tu. Yampasa pia awajue wanunuzi wake.

Basi fundi na aanze na laini ya simu. Iandikishwe kwa jina lake mwenyewe na kwa kitambulisho chake cha taifa, si kwa jina la mtoto wala la mpwa. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa ndipo nyumba nyingi zinapokosea. Mama hajui kusoma sana, kwa hiyo mwanawe aliyesoma huifungua biashara katika simu yake. Mambo huenda vizuri mwaka mzima. Kisha kijana hupata kazi Kampala au Juba, huondoka na simu yake, na wanunuzi wote huondoka naye mfukoni. Hakuiba kitu, na pengine hata hakufikiri. Lakini mama amerudi sokoni kwa mchuuzi. Kijana na awe karani wa mama. Karani huandika barua, lakini barua huwa za bwana wake. (Nanyi mlio bweni, sisemi mvunje amri ya shule juu ya simu. Likizo zatosha kazi hiyo.)

Jambo la pili ni hesabu, nalo ni gumu kuliko picha. Fundi wetu hutaja bei kwa kumtazama mnunuzi usoni, na katika simu uso hauonekani. Chukua mfano. Tuseme ukindu wa tabaga moja ni shilingi 6,000, rangi 3,000, na nauli ya kwenda na kurudi sokoni 2,000. Jumla ni 11,000. Mama huiuza kwa 20,000, akafurahi kwamba amepata 9,000. Lakini aliisuka siku 4, basi kila siku imemlipa shilingi 2,250. Je, kibarua gani wa shamba atakubali kushika jembe kwa fedha hiyo? Akiiuza kwa 35,000, siku moja humlipa 6,000, na hapo ndipo tunaweza kuiita kazi. Tena yampasa akumbuke kwamba fedha ya simu nayo ina gharama. Tangu mwaka 2009, MTN ilipoanzisha huduma hiyo Uganda, imetuondolea hatari ya kubeba noti barabarani. Lakini mwaka 2018 serikali iliweka kodi juu yake, ambayo baada ya malalamiko mengi ilipunguzwa ikawa nusu ya shilingi kwa kila shilingi 100 zinazotolewa. Kwa 35,000 ni shilingi 175, mbali na ada ya kampuni. Ni kidogo, lakini na iandikwe katika hesabu.

Mtu akikuambia ghali, usishushe bei papo hapo. Mwonyeshe sinia ndogo zaidi. Anayeshusha bei mara moja katika simu ameishusha kwa watu wote, maana maneno hayo hupelekwa kwa wengine kama yalivyo.

Juu ya picha nitasema machache tu. Piga asubuhi, kivulini karibu na mlango, si juani wala chini ya taa ya usiku ambayo hugeuza nyekundu kuwa kahawia. Onyesha upande wa nyuma pia, kwa sababu fundi mzuri hujulikana kwa nyuma ya kazi yake. Weka mkono au kikombe kando ili ukubwa uonekane, na andika kipimo kwa sentimita. Sema kama rangi hutoka ikioshwa. Adungu haiuzwi kwa picha. Huuzwa kwa sauti, basi mchukue mchezaji anayejua akapige nusu dakika, nawe uirekodi mahali pasipo na pikipiki. Na katika kila picha litajwe jina la aliyeifanya na mji wake. Katika kazi yenyewe pia, iwe ni nyuzi mbili zilizotariziwa pembeni au herufi zilizochomwa katika mti.

Watauziwa nani? Hapa vijana wengi hukimbilia Ulaya na Marekani, nami nadhani wanakosea njia. Mtu wa London hajui tabaga ni nini. Yapasa kwanza umfundishe, na mafundisho ni ghali. Lakini Wanubi wa Bombo wajua, na Wanubi wa Kibra, Nairobi, ambako babu zao askari wa King's African Rifles walipewa mahali pa kukaa, wajua pia. Nao huoa na kuozesha kila mwaka. Mlaya watakiwa na watu wa Yei na Juba popote walipo. Adungu hutakiwa na makanisa na mashule. Hao hawahitaji kuelezwa kitu ila bei na siku ya kufika. Tena Kiswahili chetu, ambacho watu wa pwani hukicheka, hapa ni mtaji: kwa ujumbe wa sauti fundi wa Koboko aweza kupatana na mtu wa Bunia, wa Nairobi na wa Juba bila mkalimani.

Kupeleka si taabu kubwa kama tunavyodhani. Mabasi ya usiku ya Kampala huchukua vifurushi, nawe hupewa hati yenye namba. Ipige picha umpelekee mnunuzi saa ile ile. Barabara ya lami kutoka Vurra kupita Arua na Koboko mpaka Oraba imefanya Koboko isiwe mbali tena. Tabaga zipangwe kubwa chini na ndogo ndani yake, zikiwa zimekauka kabisa, ama zitafika na ukungu. Vyungu viuzwe karibu, kwa mahoteli na nyumba za Arua. Kwa ng'ambo mlaya ni bora kuliko vyote, maana hukunjwa na ni mwepesi. Adungu inayokwenda nje iwambwe ngozi ya mbuzi au ng'ombe. Ngozi ya kenge au ya mnyama mwingine wa porini huzuiliwa forodhani kwa mkataba wa mataifa wa mwaka 1973, na mtumaji huingia mashakani. Na ushuru wa nchi za watu hubadilika. Marekani ilikuwa ikipokea kifurushi kisichozidi thamani ya dola 800 bila ushuru, na tarehe 29 Agosti 2025 ruhusa hiyo iliondolewa. Basi ulize kabla ya kutaja bei, na mpatane nani atalipa.

Fedha je? Nusu ya bei kabla ya kuanza kazi, nusu ya pili kabla mzigo haujapanda basi. Usiamini ujumbe unaosema fedha imeingia. Fungua uangalie salio lako mwenyewe. Wako watu hutuma ujumbe wa uongo, kisha hupiga simu wakilia kwamba wamekosea namba, nawe uwarudishie. Namba ya siri haipewi mtu, hata ajiite wa kampuni.

Likija agizo kubwa, mathalani duka la Kampala likitaka tabaga 200 kabla ya Krismasi, hapo ndipo watu huharibu jina. Msukaji mmoja wa siku 4 kwa tabaga hawezi; zitamchukua siku 800. Kikundi cha wanawake ishirini chaweza kuzimaliza kwa siku 40, kama wote wanasuka kwa kipimo kimoja. Wapatane mapema nani atazikagua, na ya nani itarudishwa ikiwa mbaya, hata akiwa dada wa mwenyekiti. Agizo dogo lililofika kwa siku yake huleta lingine.

Juu ya sheria, Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, ambayo humlinda mtunzi maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Lakini mapambo ya zamani ya babu zetu ni ya wote. Kwa hiyo kikundi kitafaidika zaidi kwa kuandikisha jina lake la biashara kuliko kugombana juu ya ua la duara.

Limebaki jambo la mwisho, ambalo vijana hulicheka. Mwezi wa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ilifungwa katika Uganda nzima, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kama tano. Facebook yenyewe ilikaa imefungwa miaka mingi baadaye. Aliyekuwa na wanunuzi wake wote humo aliamka asubuhi hana duka wala njia ya kuwaambia amehamia wapi. Aliyekuwa na namba zao katika daftari aliwapigia simu ya kawaida.

Basi nunua daftari la kurasa 96. Ukurasa mmoja kwa mnunuzi mmoja: jina, namba, mji, alinunua nini, rangi gani, kwa shughuli gani, alilipa siku gani. Mtu aliyenunua tabaga kwa arusi ya binti wa kwanza ana binti wa pili, nawe utajua umri wake ukiuliza kwa adabu. Daftari likae nyumbani kwa mama, ndani ya sanduku, si katika mkoba wa karani.