Je, Wajua? Saa, Taa na Dole Gumba

Je, wajua kuwa Tanzania Bara polisi wana saa nne tu za kumhoji mtu waliyemkamata? Si saa nne asubuhi. Ni muda wa saa nne, unaoanza kuhesabiwa pale mtu anapotiwa chini ya ulinzi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ndiyo iliyouweka, na Zanzibar wana sheria yao wenyewe ya mambo hayo. Ndani ya saa hizo nne mtuhumiwa huonywa kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba akisema, maneno yake yanaweza kutumika mahakamani. Akikubali kusema, karatasi inayoandikwa huitwa maelezo ya onyo. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi. Askari anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza muda usiozidi saa nane, na akitaka zaidi ya hapo, lazima amwombe hakimu.

Watu wengi hudhani hili ni jambo la makaratasi tu, lakini limeamua kesi nzito. Katika rufaa ya Janta Joseph Komba na wenzake, iliyofunguliwa mwaka 2006, Mahakama ya Rufani iliyaondoa kwenye kumbukumbu maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda, na tangu hapo uamuzi huo umetajwa katika rufaa nyingi sana. Maelezo yakishaondolewa, kesi hubaki na ushahidi mwingine uliopo, na mara nyingine haubaki wa kutosha. Ndiyo maana namsihi kila anayekwenda kituoni kumuulizia ndugu yake: kabla ya kuuliza kosa gani, uliza alikamatwa saa ngapi, uandike. Waliomwona akichukuliwa wanaikumbuka saa hiyo leo. Baada ya miaka miwili, shahidi akiwa kizimbani, hakuna atakayeikumbuka sawasawa.

Je, wajua kwamba zile saa 24 za kufikishwa mahakamani si sawa kwa kila kosa wala kwa kila nchi? Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inamhusu kila aliyekamatwa, awe ameshukiwa kuiba kuku au kuua. Saa hizo zikiisha usiku au siku ambayo mahakama haikai, anafikishwa siku ya kazi inayofuata. Tanzania Bara, mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa naye ana saa 24, ila kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo sheria inasema afikishwe mapema iwezekanavyo. Mwenye ndugu aliyewahi kukaa selo kwa tuhuma ya mauaji anajua jinsi neno "mapema" linavyoweza kunyooshwa.

Kenya nayo ilikuwa na tofauti kama hiyo. Chini ya katiba ya zamani, mwenye kosa la kifo aliweza kushikiliwa siku 14. Hapo ndipo ilipotokea kesi ya Albanus Mwasia Mutua. Alikuwa amehukumiwa kwa wizi wa mabavu, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, na rufaa yake ikasikilizwa mwaka 2006. Majaji walipofungua jalada waliona kuwa hakufikishwa kortini ndani ya siku 14, bali baada ya miezi kama minane, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Wakamwachia huru. Kwa miaka minne hivi mawakili kote nchini walikuwa wakihesabu siku ambazo wateja wao walikaa kituoni, hadi mwaka 2010, katika kesi ya Julius Kamau Mbugua, Mahakama ya Rufaa ilipogeuza msimamo: aliyecheleweshwa adai fidia kwa kuvunjiwa haki yake, lakini kesi ya jinai iendelee. Naelewa sababu ya kugeuza. Aliyeporwa na kupigwa hapaswi kukosa haki yake kwa sababu ya uzembe wa askari. Hata hivyo miezi minane kituoni bila kumwona hakimu ni mingi mno, na fidia huja ikiwa mtu ana nguvu ya kufungua kesi nyingine ya kuidai.

Je, wajua kuwa hati ya upekuzi ina mchana wake? Kenya na Tanzania Bara, sheria zinataka hati hiyo itekelezwe kati ya macheo na machweo, Jumapili ikiwemo, isipokuwa mahakama iwe imeruhusu saa nyingine. Tanzania, askari akichukua mali anapaswa kutoa stakabadhi ya vitu alivyochukua, isainiwe na mwenye nyumba na mashahidi. Kama aliondoka na simu na kitita cha noti, karatasi hiyo ndiyo itakayosema ni simu ipi na ni shilingi ngapi. Usisaini kabla hujaisoma.

Sasa tuje kwenye taa.

Je, wajua kwamba majaji wa Afrika Mashariki wameandika kurasa kwa kurasa kuhusu kibatari, chemli na mbalamwezi? Mauaji na unyang'anyi mwingi hutokea usiku, na vijijini shahidi mara nyingi ndiye ushahidi pekee. Anasema, "Nilimwona kwa macho yangu." Anaweza kuwa anasema kweli kabisa jinsi anavyoamini, na bado akawa amekosea. Mwaka 1953, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyohudumia nchi zetu zote wakati wa ukoloni, ilionya katika kesi ya Abdalla bin Wendo kwamba utambuzi wa shahidi mmoja katika mazingira magumu upimwe kwa uangalifu mkubwa. Tanzania ilipopata Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika, haikupita muda kabla haijakutana na suala hilohilo. Hukumu ya Waziri Amani ya mwaka 1980 ikaweka maswali ambayo kila mwanafunzi wa sheria anayajua leo. Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Alikuwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Aliwahi kumjua kabla?

Kenya pia, katika kesi ya Maitanyi ya 1986, majaji walitaka wajue mwanga ulikuwa wa aina gani, ulikuwa na nguvu kiasi gani, na ulikuwa wapi ukilinganisha na mshtakiwa. Kwa hiyo haitoshi kusema "taa ilikuwa inawaka." Taa gani? Ya mafuta au ya umeme? Ilikuwa mezani au imening'inia nje barazani? Tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Kama ilikuwa mkononi mwa jambazi, basi ilimmulika shahidi machoni, na ni nani awezaye kuona uso ulio nyuma ya tochi? Kuna jingine: shahidi aliyemtambua mtu hutarajiwa kumtaja mapema, kwa majirani waliokuja mbio na kwa polisi waliofika asubuhi. Jina likija baada ya siku tano, mahakama itauliza kwa nini lilichelewa.

Nikiisoma hukumu ya aina hii huwa naiona nyumba yenyewe: chumba kimoja, mlango wa mbao, utambi umepunguzwa ili mafuta yafike asubuhi. Uhai wa mtu unaning'inia kwenye utambi huo.

Je, wajua kuwa kukaa kimya kortini si kitu kimoja pande mbili za mpaka? Kenya, mshtakiwa aliyeonekana ana kesi ya kujibu huchagua: atoe ushahidi kwa kiapo na kuhojiwa na upande wa mashtaka, aseme bila kiapo asihojiwe, au anyamaze. Tanzania Bara anaweza kunyamaza pia, lakini sheria inairuhusu mahakama kuufikiria ukimya huo kwa namna isiyomfaa. Asiye na wakili aambiwe hili kabla hajaamua kufumba mdomo.

Je, wajua kwamba suala la dhamana Tanzania limepanda na kushuka kortini kwa zaidi ya miaka thelathini? Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini wananchi waliruhusiwa kuzidai mahakamani kuanzia mwaka 1988 tu. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzichukua kwa uzito. Katika shauri la Daudi Pete aliona kuwa sheria haiwezi kumfungia mtu mlango wa dhamana bila kumpa hakimu nafasi ya kumsikiliza. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakifuta kifungu kilichobishaniwa. Ungedhani mambo yaliishia hapo. Sheria ilirekebishwa, na orodha ya makosa yasiyo na dhamana ikaendelea kuwepo: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengine. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema tena kwamba orodha hiyo inapingana na Katiba, katika shauri la Dickson Paulo Sanga. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na orodha ikabaki.

Maana yake mtu aliyeshtakiwa kwa utakatishaji fedha anakwenda mahabusu na kurudi kortini kila baada ya siku 14 kesi yake itajwe. Sentensi atakayoisikia hapo, Mtanzania yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama anaijua: upelelezi haujakamilika. Nimekaa kwenye mabenchi hayo. Nimemwona mama aliyepanda basi la alfajiri kuja kumtazama mwanawe kwa dakika tatu, kisha lori la magereza likawashwa. Kwa mujibu wa Katiba, kijana yule hana hatia.

Kwa makosa yenye dhamana, kumbuka hili: dhamana ya polisi haiuzwi. Kenya ukiweka fedha taslimu kama dhamana, unapewa risiti, na fedha hizo ni zako ukimaliza kuhudhuria kesi.

Je, wajua kuwa mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kutiwa hatiani Kenya? Sheria ya Watoto ya 2022 ndiyo iliyopandisha umri huo kutoka miaka 8. Tanzania Bara ni miaka 10.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2021 Mtanzania aliweza kuhukumiwa kwa lugha asiyoijua, katika nchi ambayo karibu kila mtu anazungumza Kiswahili? Mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili. Kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu, shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, kwa mkono wake, akitafsiri papo hapo. Fikiria uzito wa kazi hiyo. Shahidi anasema, "Aliumia mkono." Kiingereza kinamlazimisha hakimu achague kati ya kiganja na mkono mzima. "Ni ndugu yangu." Wa tumbo moja, binamu, au mtu wa ukoo? "Ilikuwa saa moja jioni." Akiiandika vibaya, machweo yanageuka mchana mweupe, na kila kilichosemwa hapo juu kuhusu mwanga kinaharibika. Kisha mfungwa anapewa nakala ya hukumu yake, na inambidi amtafute mwenzake gerezani wa kumsomea kwa nini amefungwa miaka 30.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikaachiwa nafasi pale tu ambapo masilahi ya haki yanakihitaji. Kwangu mimi hakuna badiliko lililomkaribia mshtakiwa wa kawaida kuliko hili, ingawa kuziandika upya sheria zilizorundikana kwa Kiingereza tangu ukoloni ni kazi ndefu.

Je, wajua kuwa mwanamke aliyehukumiwa kifo ndiye aliyebadili sheria ya kifo Uganda? Susan Kigula alikuwa gereza la Luzira alipofungua shauri pamoja na wenzake zaidi ya 400. Januari 2009 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba jaji hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo bila kupima mazingira ya kila mtu, na kwamba aliyesubiri zaidi ya miaka mitatu tangu hukumu yake kuthibitishwa, adhabu igeuke kifungo cha maisha. Kigula alisomea sheria humohumo gerezani, kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London, akapata shahada, na akatoka mwaka 2016. Kenya ilifuata Desemba 2017 katika kesi ya Francis Muruatetu, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kuwa uamuzi huo unahusu mauaji peke yake.

Tanzania ina historia yake. Jaji Mwalusanya, yuleyule wa dhamana, alitamka mwaka 1994 katika kesi ya Mbushuu kuwa adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa ajili ya masilahi ya jamii. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliona katika shauri la Ally Rajabu kuwa kumlazimisha jaji atoe adhabu hiyo kunavunja haki ya kuishi. Mwezi huohuo Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo, iliyo kwenye ardhi yake.

Je, wajua, mwisho, kwamba aliyehukumiwa Tanzania Bara katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 10 tu za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu? Siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Kenya ni siku 14. Aliye gerezani haendi kortini kuipeleka notisi. Humkabidhi mkuu wa gereza, naye huituma. Wengi hawana wakili. Mfungwa aliyesoma kidogo humwandikia mwenzake, na asiyejua kuandika jina lake huchovya dole gumba kwenye wino na kulikandamiza chini ya karatasi. Kando yake huandikwa tarehe. Rufaa ikifika mbele ya jaji, tarehe hiyo huangaliwa kwanza, kabla hajasoma hoja hata moja.