Kupanda mlima wenye theluji peke yako: saa ya kugeuka huamuliwa nyumbani

Wakazi wengi wa kaunti zinazopakana na Mlima Kenya wameiona theluji kwa mbali tu, asubuhi anga linapokuwa wazi. Walioikanyaga ni wachache: waelekezi, wapagazi na vijana waliowahi kufika Lenana. Hata hivyo, jamaa zetu wengi sasa wanasoma na kufanya kazi katika nchi zenye majira ya baridi, na baadhi yao hutumia siku ya mapumziko kupanda milima ya huko. Mara nyingine huenda peke yao kwa sababu wenzao wako kazini.

Makala haya yanaeleza jinsi safari ya namna hiyo inavyofanyika, hatari zake, na yale ambayo familia iliyo hapa nyumbani inaweza kuuliza kabla mtu wao hajaondoka.

Mfano wa New Hampshire

Tuchukue milima ya White Mountains katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Jimbo jirani la Massachusetts lina jamii kubwa ya Wakenya, hasa katika mji wa Lowell na viunga vyake, na kutoka huko mtu anaweza kuendesha gari hadi milimani, kupanda na kurudi siku hiyo hiyo.

Njia moja inayopendwa wakati wa baridi ni Crawford Path, iliyoanza kukatwa mwaka wa 1819. Kutoka barabarani hadi kilele cha Mount Pierce ni takriban kilomita 5 kwenda, na mtembezi hupanda zaidi ya mita 700. Kilele chenyewe kina kimo cha mita 1,314. Sehemu kubwa ya njia imo ndani ya msitu, ambamo miti hukinga upepo.

Kwa Mkenya aliyezoea kusikia kwamba Lenana iko mita 4,985, mlima wa mita 1,314 unaweza kuonekana kama kilima. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Katika milima hii hatari kubwa hutokana na baridi, upepo na ufupi wa mchana kuliko kimo. Mount Washington, ambao Crawford Path inaishia kileleni mwake, una mita 1,917 tu, lakini tarehe 12 Aprili 1934 upepo ulipimwa hapo ukivuma kwa kasi ya kilomita 372 kwa saa. Rekodi hiyo ya dunia haikuvunjwa hadi 1996.

Viatu vya theluji hufanya nini?

Theluji laini haibebi uzito wa mtu. Ukiikanyaga kwa buti za kawaida, mguu huzama hadi gotini au hata kiunoni, na kila hatua huwa kazi ya kujing'oa. Viatu vya theluji ni vipana na virefu, hufungwa chini ya buti, na husambaza uzito wa mwili juu ya eneo kubwa zaidi. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini walivitengeneza kwa mbao na ngozi tangu zamani. Vya kisasa ni vya alumini au plastiki, na chini yake vina meno ya chuma ya kushika mahali palipoganda.

Viatu hivyo hupunguza kuzama, lakini havimlindi mtu na kila kitu. Theluji nyingi hufunika misonobari midogo na kuacha uwazi kandokando ya matawi. Anayetoka nje ya njia anaweza kutumbukia humo na kushindwa kujitoa. Aidha, miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoleta maporomoko mengi ya theluji, na viatu hivi haviizuii theluji kuporomoka.

Hesabu ya mchana

Hapa Kenya tuna takriban saa 12 za mwanga mwaka mzima. Mwezi wa Desemba huko New Hampshire, mwanga huwa wa saa 9 hivi. Jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na nusu jioni.

Watembezi wa milima hiyo hukadiria nusu saa kwa kila kilomita 1.6 na nusu saa nyingine kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa Mount Pierce, hiyo ni karibu saa 2 na dakika 45 kupanda. Makadirio hayo ni ya njia kavu. Theluji mpya ambayo hakuna aliyeikanyaga huongeza muda sana, na aliye peke yake hana wa kupokezana naye kazi ya kufungua njia.

Kwa hiyo, anayeanza saa mbili asubuhi anaweza kujiwekea saa saba mchana kuwa saa ya kugeuka. Ikifika hajaona kilele, anarudi. Ikifika akiwa juu ya kilele na Mount Eisenhower, ambao ni mlima unaofuata, unaonekana karibu na wa kuvutia, bado anarudi. Kuanzia hapo njia huacha msitu, na hakuna mti wa kumkinga mtu upepo ukianza.

Kwa nini uamuzi ufanywe mapema?

Sababu ni kwamba baridi huathiri akili inayotakiwa kuamua. Hewa ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo ukivuma kilomita 48 kwa saa, ngozi huhisi kama nyuzi 32 chini ya sifuri, na sehemu iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Joto la mwili likishuka, mtu hutetemeka, vidole hushindwa kufunga zipu, hujikwaa na ulimi huwa mzito. Hatimaye hafikiri vizuri, na anaweza kuamini kwamba yuko sawa.

Wakiwa wawili, mmoja atagundua kwamba mwenzake anapepesuka na kumlazimisha warudi. Aliye peke yake hana jicho hilo la pili. Saa aliyoiandika akiwa nyumbani, mwili ukiwa na joto, ndiyo inayochukua nafasi ya mwenzake.

Vitu vya kubeba navyo vina sababu zake. Nguo za pamba huachwa nyumbani kwa kuwa zikilowa jasho hazihifadhi joto. Sufu hufaa zaidi. Chupa ya maji hupinduliwa kichwa chini, maana barafu huanza kuganda juu na ingeziba mdomo. Rununu hukaa mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi hunyonya chaji ya betri. Taa ya kichwani, ramani, glavu za ziada, koti zito na chakula hubebwa hata kama safari ni ya saa chache.

Gharama ya kuokolewa

Katika New Hampshire, idara ya jimbo inayosimamia samaki na wanyamapori ndiyo inayoongoza uokoaji milimani. Sheria inairuhusu kumtoza gharama mtu aliyeponzwa na uzembe wake. Tangu 2015 kuna kadi ya hiari iitwayo Hike Safe, ambayo humwondolea mwenye nayo deni hilo, isipokuwa pale alipofanya upuuzi wa makusudi. Kwa mwanafunzi anayelipa karo kwa kibarua, ni jambo la kufikiriwa.

Mzazi au ndugu aulize nini?

- Unapanda mlima gani, na kwa njia ipi?
- Umesoma utabiri wa hali ya hewa ya kileleni, si ya mjini tu?
- Saa yako ya kugeuka ni ipi?
- Ni nani huko anayejua mpango wako, na atapiga simu saa ngapi asipokusikia?

Swali la mwisho ndilo muhimu zaidi. Wakati wa baridi, New Hampshire iko nyuma yetu kwa saa 8. Giza linapoingia huko, hapa ni usiku wa manane na familia imelala. Pia, ukiipiga nambari 911 ukiwa Kenya, haitakufikisha kwa waokoaji wa Marekani. Anayebaki na mpango awe rafiki au jirani aliye huko huko.

Na Mlima Kenya je?

Mlima wetu hauna majira ya baridi. Theluji inaweza kuanguka juu mwezi wowote, ingawa kwa kawaida hailundikani kiasi cha kuhitaji viatu vya theluji. Hatari inayoongezeka kwetu ni uchache wa hewa: maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu ni dalili za kumtaka mtu asiendelee, na zikizidi ashuke mara moja. Ndiyo maana safari ya Lenana hupangiwa siku kadhaa, na kanuni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hazimruhusu mtu kuingia mlimani peke yake.

Waelekezi wetu huwaambia wageni wageuke hata kilele kikiwa mbele ya macho yao, na mgeni aliyelipia safari hukasirika. Mkazi anayepanda nao asilichukulie neno hilo kuwa uoga. Mwelekezi ana kazi ya kumfikisha mteja nyumbani salama, na kilele kitakuwapo msimu ujao.