Milimita 20 za Mvua: Hiyo ni Mitungi Ngapi Juu ya Keja Yako?

Buda, ulisikia "milimita 20" kwa habari ukacheka, si ndio? Kwa rula hicho ni kitu kidogo, hakifiki hata nusu ya kidole. Mimi pia nilicheka. Usiku huo nikaamka nikapata ndula zangu zinaelea hapo kwa mlango.

Shida ni tunasoma hiyo namba vibaya. Wasee wa hali ya hewa pale Dagoretti Corner wakisema milimita moja, wanamaanisha hivi: kama maji yote yangebaki pale yalipoanguka, bila kutiririka wala kuzama, yangefika kimo cha milimita moja. Na kwa kila mita moja ya mraba, hiyo ni lita moja kamili.

Sasa chukua keja ya mita tatu kwa tatu. Hiyo ni mita tisa za mraba. Zikishuka milimita 20, mabati yako yamepokea lita 180. Mitungi tisa ya lita 20, ile unanunuanga kwa msee wa mkokoteni! Ploti ikiwa na keja 20 ni mitungi 180, na yote inakimbilia mtaro mmoja ulioziba na takataka. Hapo hatujahesabu ploti ya jirani.

Halafu cheki muda. Tahadhari husema "zaidi ya milimita 20 ndani ya saa 24". Zikinyesha pole pole mchana na usiku, mtaro unaweza kuvumilia. Zikishuka zote kwa saa moja, manze, namba ni ile ile lakini balaa ni ingine. Waliokuwa kando ya mto Mathare Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa.

Upepo nao huja kwa noti (si za pesa, tulia). Noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa, na mabati yenye misumari miwili haitaki hiyo story. Digrii za joto zinapimwa kivulini, ndio maana wanasema 27 na wewe ndani ya mabati unaiva.

Kwa hivyo ukiona hiyo 20 leo, usingoje mawingu. Toa takataka kwa mtaro ulio mbele ya mlango wako, inua godoro, na ule waya wa stima unaolala sakafuni, utoe kabla hujalala.