Je, Wajua? Land Cruiser Kuukuu, Tabo na Kiti cha Intakula

Sogea hapa kwenye benchi, jirani, kuna mambo leo. Je, wajua kwamba hapa Bugarama ndipo Rwanda inapofika chini kabisa? Nchi nzima inasifika kwa milima elfu, lakini bonde letu la Mto Rusizi, penye mpunga na joto, linashuka hadi mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitoka hapa kwa gari, karibu kila safari ni kupanda!

Na je, wajua kwamba injini inakula hewa kuliko inavyokula dizeli? Ichukue ile 1HZ ya Land Cruiser, silinda 6, sentimita za ujazo 4,164. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inavuta zaidi ya lita 5,000 za hewa. Hesabu kwa madumu ya lita 20: ni madumu 250 kwa dakika moja!

Sasa panda mlima na gari hilo. Kila mita 100 unazopanda, hewa inapungua kwa takriban asilimia 1. Kamembe ni karibu mita 1,600, na barabara ya Huye inapokata msitu wa Nyungwe inapita mita 2,400. Huko juu, injini isiyo na tabo imeshapoteza zaidi ya moja ya tano ya hewa ambayo ingeivuta pale Mombasa. Farasi 130 walioandikwa kwenye kitabu cha gari wamebaki kama 100, na mlima bado haujaisha.

Ule moshi mweusi unaouona nyuma ya gari kuukuu likipanda, wajua ni nini? Ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Umeilipia, umeibeba, na sasa unampulizia mwenye pikipiki aliye nyuma yako.

Tabo ndiyo dawa yake, tena dawa ya bure kwa namna fulani. Takriban theluthi ya nguvu iliyomo ndani ya dizeli hutoka kwa ekzosi kama joto tupu. Tabo inaushika moshi huo unaotoroka, inauzungushia kijigurudumu, na kijigurudumu cha upande wa pili kinasukuma hewa ndani ya injini. Mwizi kakamatwa, kapewa kazi!

Kinazunguka kwa kasi gani? Mara 120,000 kwa dakika ni jambo la kawaida, yaani mara 2,000 kwa sekunde. Pepesa jicho. Haya, kimeshazunguka mara 200.

Usiondoke bado. Kijigurudumu chenye upana wa sentimita 6 kikienda kasi hiyo, ukingo wake unakimbia zaidi ya mita 370 kwa sekunde. Sauti yenyewe hewani haifiki mita 350. Ndani ya boneti ya gari la mwaka 1992 lililojaa matope kuna kitu kinachoipita sauti!

Na mhimili wake haukai juu ya chuma. Unaelea kwenye utando wa oili mwembamba kuliko unywele wako. Ndiyo maana ukimaliza mlima mkali usizime gari papo hapo: liache lingurume dakika moja au mbili, oili iendelee kupita na kuupoza mhimili.

Je, wajua tabo ina umri gani? Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905. Magari ya watu binafsi yalisubiri hadi 1962, Marekani, yalipotoka Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Miaka 57 ya kusubiri.

Jaribio lililowashangaza wengi lilifanyika mlimani, na hilo mtu wa milima atalielewa haraka. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kileleni mwa Pikes Peak, Marekani, mita 4,302. Chini ilikuwa na nguvu za farasi 350. Juu, bila tabo, ikabaki na 230. Alipoifungia tabo, palepale kwenye baridi na upepo, ikatoa 356! Na ujue kwamba Karisimbi yetu, yenye mita 4,507, inaupita mlima huo kwa mita 205.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Je, wajua kwamba hewa ikibanwa inapata moto? Kama umewahi kujaza upepo baiskeli ukashika mdomo wa pampu, unajua. Tabo ikiichukua hewa ya Bugarama yenye nyuzi 30 na kuibana karibu mara mbili, hewa hiyo inatoka na nyuzi zaidi ya 100. Maji kwenye mwinuko wetu huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kwa hiyo hewa inayokwenda kulisha injini ina moto wa kuchemsha chai, na hakuna maji ya chemchemi ya moto ya Mashyuza yanayoifikia!

Hewa ya moto imetanuka, na iliyotanuka ni chache. Umehangaika kuibana, joto likakunyang'anya. Hapo anaingia mwenyewe: intakula, rejeta ndogo ya kupoza hewa. Ikiishusha hewa kutoka nyuzi 109 hadi 55, unapata asilimia 16 ya hewa zaidi kwa presha ileile. Hujaongeza tabo, hujagusa pistoni, umepoza tu.

Unataka ushahidi? Tazama Land Rover na dizeli yake ya sentimita za ujazo 2,495. Bila tabo: farasi 68. Mwaka 1986 wakaifungia tabo: 85. Kisha ikaja 200Tdi, yenye ujazo uleule, yenye intakula na namna mpya ya kupuliza dizeli, ikafika farasi 107 ndani ya Defender. Ukubwa haukuongezeka hata kijiko kimoja!

Lakini intakula itakaa wapi? Hapa ndipo mafundi wanapokuna kichwa, na mimi naona ndipo ufundi wa kweli ulipo. Tabo inajifunga penye ekzosi, haina mjadala. Intakula inatafuta kiti katika basi lililojaa: mbele kuna rejeta, mbele ya rejeta kuna kipoza cha eesi, pembeni betri, juu boneti.

Ukiiweka mbele kabisa, nyuma ya grili, inapata upepo mtamu. Ila inaizibia rejeta, na upepo unaoifikia rejeta umeshapashwa moto. Ukipanda taratibu kwenye jua la saa saba mchana, sindano ya joto ndiyo itakayokupa habari.

Ukiiweka juu ya injini, mabomba yanakuwa mafupi na tabo inajibu upesi. Ile pua iliyoinuka juu ya boneti za Pajero, Surf na Prado nyingi za dizeli unazoziona barabarani si urembo: ni mdomo wa kuilisha upepo intakula iliyolala chini yake. Hata Land Cruiser ya V8 ya mfululizo wa 70, iliyotoka mwaka 2007, ilipewa pua hiyo.

Ubaya wake? Gari likitambaa kwenye mawe, upepo hakuna, na intakula inakaa juu ya jiko. Badala ya kupoza hewa, inaipasha! Mafundi wengi hufunga feni ndogo ya umeme chini yake, na inasaidia kweli.

Land Rover ya Tdi walichagua njia ya tatu: rejeta na intakula bega kwa bega, kila moja na upepo wake. Ndiyo maana anayehamishia injini hiyo kwenye Land Rover ya zamani hujikuta akisogeza rejeta kabla ya kitu kingine chochote.

Njia ya nne ni maji, nayo ndiyo ninayoipenda. Je, wajua kwamba lita 1 ya maji hubeba joto sawa na zaidi ya lita 3,000 za hewa? Basi intakula inakuwa kisanduku kidogo kinachozungukwa na maji, kinakaa popote penye nafasi, na pampu ndogo ya umeme inayapeleka maji kwenye kijirejeta mbele. Toyota waliifanya hivyo kwenye Celica maalumu ya mashindano, wakatengeneza magari 5,000 ili iruhusiwe kushindana. Carlos Sainz alishinda Safari Rally kwa Celica ya tabo mwaka 1992, na mwaka 1994 akashinda Mkenya, Ian Duncan, naye kwa Celica ya tabo. Vumbi la Kenya linajua kazi ya maji hayo!

Usidhani shida ya kiti ni ya gereji zetu peke yake. Ndege ya kivita ya Marekani, P-38, ilifichiwa intakula ndani ya ukingo wa mbele wa mabawa! Ilikuwa akili kubwa, lakini injini zilipoongezwa nguvu, bawa likashindwa kupoza. Mwaka 1943, kwenye toleo la P-38J, wakazishusha intakula hadi kidevuni, chini ya injini. Na ile nafasi iliyobaki mabawani? Wakaweka matangi ya mafuta.

Na mashindano ya Rhino Charge ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1989, unayajua? Vituo 13, saa 10, anayepita njia fupi kuliko wote ndiye mshindi, porini kusikokuwa na barabara. Humo gari linatambaa na upepo haupo, kwa hiyo wako waliohamishia rejeta nyuma ya gari na kuzifungia feni kubwa. Rejeta mgongoni, kama mama na mtoto!

Sasa sikiliza kitu cha kushika mkononi. Boneti ya gari kuukuu iko karibu na injini kuliko unavyoona, tena injini hutikisika inapowaka. Chukua donge la udongo kutoka shamba la mpunga, liwe laini kama ugali, liweke juu ya injini pale unapotaka kuilaza intakula. Funga boneti taratibu, fungua. Unene wa udongo uliobaki ndiyo nafasi uliyo nayo, na humo uiachie injini sentimita mbili za kucheza.

Intakula ikishafungwa, ziba kila upenyo pembeni yake kwa sponji au mpira. Hewa ni mvivu: ukiiachia tundu la kidole, itapita hapo badala ya kujibana kwenye mapezi. Kisha pampu presha kidogo kwenye mabomba na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kama fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha. Povu halidanganyi.

Je, wajua kwamba kulegea kwa klempu moja kunaweza kuua injini mtoni? Mkonga wa kuvutia hewa uko juu ya paa, unajiona salama, lakini bomba la intakula limepita chini ya bampa, ndani ya maji. Ukiachia mafuta, injini inavuta, na maji yanaingia. Hewa hubanwa, maji hayabanwi: fito za pistoni ndizo zinazopinda.

Na hili lisikie kwa masikio mawili. 1HZ hubana hewa mara 22.4. Nduguye, 1HD-T, mwenye ujazo uleule na aliyezaliwa na tabo, hubana mara 18.6. Toyota walipunguza kwa makusudi, kwa hiyo ukiifungia 1HZ tabo, presha iwe ya adabu, wala usifungulie dizeli kama bomba la mtaani.

Kwa nini? Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Moshi wa dizeli yenye mzigo mzito unaweza kupita nyuzi 700, na pistoni zako ni za aluminiamu! Zinaokolewa na oili inayozipoza, na kwa kuwa moto huzigusa kwa sehemu ndogo ndogo za sekunde tu. Kipimajoto cha ekzosi, kilichochomekwa kabla ya tabo, ndicho kitu cha kwanza cha kununua, hata kabla ya intakula yenyewe.

Hatimaye, jaribio la mkono, halina gharama. Panda mlima, simama, fungua boneti, gusa haraka bomba linaloingia intakula na linalotoka. La kwanza utaliachia kwa kelele. La pili ukiweza kulishika ukahesabu hadi kumi, fundi wako kafanya kazi.

Basi kabla hujatoa pesa, jirani, tafuta boksi la kadibodi, likate kwa ukubwa wa intakula uliyoona dukani, na ulijaribu ndani ya boneti yako kesho asubuhi injini ikiwa baridi. Boksi lisipoingia, intakula haitaingia.